Wageni wa Bi Mize

Riziki alinipigia simu asubuhi, na kabla hajasema neno nilishajua. "Dada Mwaju," akasema, "Bibi katutoka." Nikamjibu kama inavyojibiwa, kwamba sote tu wa Mungu na kwake tutarejea, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda na kanga moja mkononi, nikaanza kuhangaika na jambo ambalo ni aibu kulihangaikia siku ya msiba: nikifika Makunduchi, nitakaa wapi? Msibani wanawake hukaa sehemu mbili hata kama chumba ni kimoja. Wafiwa hukaa ukutani, wakapewa mikono. Waliokuja kutoa pole huingia, wakashika mikono ile, wakakaa karibu na mlango, wakasubiri khitma isomwe, wakaondoka. Bi Mize alikuwa bibi yake Riziki, hakuwa bibi yangu. Kwa upande wangu mimi nilikuwa mgeni wake, mgeni wa kila mwaka, na mgeni wa miaka yote bado ni mgeni. Mtu mzima mimi, nina watoto wa kuoa na kuozwa, na roho ilikuwa inanienda mbio kwa ajili ya mkeka.

Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokuwa mwaka ule niko kidato cha tatu. Skuli yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ndani ya jumba la zamani lililogeuzwa madarasa, na kila mwaka watoto wa kidato cha kwanza waliingia kutoka kila pembe ya Unguja, na kila mwaka wawili watatu walipotea kimyakimya. Hawakufeli. Walinyamaza, wakakaa nyuma, siku moja kiti kikawa kitupu. Bi Zuwena, mwalimu wetu mkuu, alichoshwa na vile viti. Akatuita sisi wasichana wa kidato cha tatu, akatusimamisha uani kwenye jua. "Kila mmoja wenu nampa wadogo watatu," alisema. "Hesabu msiwafundishe, hesabu wana walimu. Nyinyi waondosheeni woga. Mtoto asiyejua yeye ni nani mahali, hata ukimfundisha vipi hasikii." Kisha akatoa sharti lililotuchekesha: kabla mwaka haujaisha, kila mtoto awachukue wenzake nyumbani kwao, wale pamoja mara moja. Mtu humjui, alisema, mpaka umekula kwao.

Wenzangu walicheka wakaenda zao. Mimi nilibaki uani peke yangu. Mimi ni wa Amani, kule Ng'ambo, na jina la baba yangu ni la kibara, jina ambalo Mji Mkongwe mtu akilisikia huinua kope kidogo. "Kwenu wapi, mwanangu?" Amani. "Aa, kwenu hasa?" Hilo "hasa" ndilo lililonila maisha yangu ya usichana. Nasaba yangu sitaisimulia hapa. Niliisimulia vya kutosha kwenye milango ya watu. Nilikuwa najiuliza Bi Zuwena kaona nini kwangu hata anipe watoto niwafundishe kutoogopa, mimi niliyekuwa nikitafuna ncha ya mtandio mpaka ikawa na rangi ya chai.

Tulipewa chumba cha juu, kina madawati ya kuvunjikavunjika na dirisha linalotazama kichochoro chembamba. Ng'ambo ya kichochoro palikuwa na jiko la mtu, karibu hivyo kwamba tulijua leo wanapika mchuzi wa papa na kesho mbatata za nazi, na tulijua pia mwenye jiko kagombana na wifi yake kwa sababu gani. Siku ya kwanza niliwauliza watoto wangu lile lile swali nililolichukia mwenyewe, kwa kuwa sikujua jengine la kuanzia. Raiyya, mtoto mnene mwenye kucheka, alijibu kwanza: "Kwetu Malindi, nyuma ya msikiti." Neema, ambaye peke yake alikuwa hana mtandio kichwani, alisema haraka, kama mtu anayetoa samahani: "Kwetu Ng'ambo, dada. Ila sisi Wakristo." Wa tatu alikuwa Riziki, mwembamba, macho makubwa, anayeyapima maneno kabla hajayatoa. "Kwetu Shangani," alisema. "Ile nyumba yenye mlango wa njumu." Raiyya akapiga mluzi. Mlango ule, na misumari yake ya shaba, tulikuwa tukiujua wote. Watalii hupiga picha mbele yake.

Tulianzia kwa Neema. Mama yake alikuwa mshonaji, na chumba chao cha mbele kilijaa vipande vya vitambaa alivyovisukuma chini ya kitanda ili tupate pa kukaa. Alikuwa na wasiwasi kuliko mimi, na mimi si haba. Kuku alikuwa bado hai, kafungwa mguu kwenye kijiti uani, anatutazama. "Nimemngojesha," mama alisema, "ili muone wenyewe." Akamwita jirani yake, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akitengeneza baskeli pale nje. Mzee akaja, akanawa, akaelekea kibla, akapiga bismillahi, akachinja mbele yetu, na mama Neema akatukodolea macho sisi, wala si kuku. Hata wali ulipopakuliwa hakula, alisimama mlangoni anafinya pindo la kanga mpaka Raiyya alipotia tonge mdomoni na kusema, "Mama, pilipili iko wapi?" Hapo yule mama akakaa chini ghafla, akaanza kucheka peke yake. Mpaka leo nikimpikia mtu asiyenijua humkumbuka.

Njiani kurudi Riziki alijisogeza karibu yangu. "Dada Mwaju," akauliza chini kwa chini, "mtu anaweza kubadilisha kwao?" Nikamuuliza kwa nini. "Nauliza tu." Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri wiki nzima na sikupata jibu, kwa sababu nilikuwa nikilitafuta kwa ajili yangu.

Kwa Raiyya tulikula ghorofani, kwenye chumba chenye mito mizito na saa ya ukutani isiyotembea. Sinia moja la pilau, sisi wanne kulizunguka, na bibi yake Raiyya juu ya kitanda cha samadari akituhesabia matonge. Nilijua swali litakuja, na lilikuja. Alianza na mimi, na "hasa" yake nikaimeza pamoja na pilau. Neema akapita salama. Bibi alikuwa akimjua yule mzee wa baskeli. Kisha akamgeukia Riziki.

"Na wewe, mama?"

"Shangani, bibi."

"Shangani kwa nani? Shangani yote naijua mimi, nyumba kwa nyumba."

"Kwa Bi Thureya."

Bibi akaacha kutafuna. "Thureya? Thureya hakujaaliwa mtoto, wala mjukuu."

Nikasema, kwa sauti ya juu mno, "Bibi, hii pilau umetia nini mbona inanukia hivi?" Akaniambia alivyotia, hiliki na mdalasini na ujanja wake, na nikadhani tumevuka. Lakini alipokuwa ananawa mikono, bila kumtazama mtu, akasema kama anayesema na maji: "Mkataa kwao mtumwa." Hakukusudia ubaya, nadhani, wazee wale methali huwatoka kama kikohozi. Mkono wa Riziki ulibaki ndani ya wali, haukwenda mdomoni wala haukutoka.

Kesho yake hakuja skuli. Wala keshokutwa. Mwisho wa wiki nilikwenda Shangani, nikasimama mbele ya ule mlango wa njumu, nikaogopa kuugonga, nikaugonga. Mwanamke aliyevaa dhahabu mikono yote miwili, bila shaka Bi Thureya mwenyewe, akanifungulia, akanisikiliza, kisha akaita kwa ndani: "Kazija! Mgeni wa mtoto wako!" Nikapelekwa jikoni. Pale, juu ya mbuzi, nazi mkononi, alikaa mwanamke mwenye macho makubwa yale yale. Alikuwa shangazi yake Riziki, mpishi wa nyumba ile. Wakiishi wawili katika chumba nyuma ya jiko, na Riziki alikuwa akiingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, ule ambao watalii hawaupigi picha.

"Karudi Makunduchi kwa bibi yake," Bi Kazija alisema, hakuacha kukuna. "Kasema skuli basi. Atakwenda na wenzake kulima mwani."

"Shangazi, kwa nini hasemi tu kwao Makunduchi? Kuna aibu gani?"

Akanitazama. "Siku ya kwanza kafungua mdomo darasani, wamemcheka anavyosema. Akaja hapa akalia, mimi nikamwambia nyamaza. Sasa nyinyi mkaleta mtindo wa kula kwa watu. Angewaleta wapi? Humu jikoni mwa mwenyewe?" Nazi ilikwisha akachukua nyengine. "Lakini wiki ijayo tunakoga Mwaka, mwaka mpya wa kwetu. Njoo shamba. Siku ya Mwaka nyumba haikosi mgeni, ikikosa huo mwaka si mwema. Mama yangu, yule mgeni wake wa kila mwaka ni mgonjwa, hatakuja. Njoo, Riziki akikuona labda atarudi."

Bi Zuwena nilipomwambia alivua miwani. "Likizo hii ikisha, skuli ikifunguliwa naye hayupo, nafasi yake itakwenda kwa mwengine," alisema. "Hilo haliko mikononi mwangu. Huyo mtoto wako, Mwaju. Mlete." Nilitaka kwenda peke yangu, nimsitiri. Lakini Raiyya na Neema walishajua. Katika mji ule siri haimalizi barabara mbili. Wakanishika kanga, mmoja huku mmoja huku, wakasema wanakwenda. Usiku wote niliwaza: nikiwapeleka, namfedhehi. Nikiwaacha, namhakikishia kwamba kweli pana aibu. Nikawapeleka, na sikuwa na hakika hata kidogo.

Mambo ya uwanjani sitayasimulia, wanaume wanavyopigana kwa mabua ya migomba na kibanda kinavyochomwa moto. Hayo kila mtu kayaona. Sisi tulifika wakati wanawake wameshaanza kurudi majumbani wakiimba, na tukamsimamisha wa kwanza tuliyemuona, mama mmoja mrefu aliyekuwa kwenye kizingiti chake. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kwa Bi Mize ni wapi. "Marahaba. Kwa Bi Mize?" alisema, na uso ukamng'aa. "Karibuni. Karibuni ndani. Kaeni kwanza." Nikadhani ndipo. Tukavua viatu. Kawa likafunuliwa, samaki wa kukaanga na mkate wa kumimina, maji ya kunawa yakaja, na hapo ndipo niliposikia mtu nje akimwita mwenye nyumba Bi Mwatima.

"Mama," nikasema, "sisi tunakwenda kwa Bi Mize."

"Najua. Nyumba yake hiyo hapo, inagusana na yangu. Haikimbii. Kuleni."

Nikabaki na mkono hewani. Nilijua tumekamatwa. Nyumba ile nayo ilikuwa haijapata mgeni, na mama wa watu alikuwa kajipatia watatu kwa mkupuo. Raiyya, mtoto aliyelelewa, akaninong'oneza, "Dada, chakula kishafunuliwa. Tukikataa itakuwa aibu." Na ilikuwa kweli. Neema akanawa. Raiyya akanawa. Mimi nilikuwa nawaza tutakavyofika kwa Bi Mize tumeshiba, na tumekula jirani, na jua limepinda, na kila kitu nimekiharibu.

Basi mlango ukajaa mtu. Alikuwa Riziki, kanga imefungwa kiunoni, kichwa wazi, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa katuona tangu tunaingia kijijini, akajificha nyuma ya nyumba. Angebaki huko mpaka tuondoke, hivyo aliniambia baadaye. Lakini alipoona wanakotuingiza hakuweza.

"Bi Mwatima!" alipiga kelele, kwa lahaja ya kwao, ile aliyoifungia kinywani miezi yote. Si kila neno nililielewa, lakini maana ilikuwa wazi. "Hao wageni wetu! Wametoka mjini kuja kwetu, wewe umewateka!"

"Mgeni hana chapa, mwanangu," Bi Mwatima alijibu, katulia. "Kaingia kwangu, wangu."

"Bibi yangu kakaa mlangoni tangu asubuhi! Hana hata mmoja! Kapika, kafunika, anatazama njia, na hawa wenzangu, mimi nasoma nao! Kwetu ndiyo hapo! Hapo!" Na akaelekeza kidole kwenye nyumba ndogo ya mawe na makuti iliyopakana na ile tuliyokuwamo.

Kisha akasikia alichokisema. Akamwona Raiyya. Mkono ukashuka polepole. Nilikuwa mkubwa wao, nilitakiwa niseme neno.

Raiyya ndiye aliyesema. Alilamba vidole, kimoja kimoja, akainuka. "Riziki," akauliza, "kwenu mmepika pweza? Hapa samaki tu."

"Wa nazi," Riziki alisema.

"Basi unatungojesha nini?"

Bi Mwatima akacheka mpaka akashika ukuta, lakini hakuwa mtu wa kushindwa bure. Akamkamata Neema mkono. "Sawa, chukueni. Ila huyu mniachie. Siwezi kukaa bila mtu siku ya Mwaka." Riziki akamvuta Neema upande mmoja, Bi Mwatima upande wa pili, na Neema, mtoto aliyekuwa akijiombea radhi kila alipotaja kwao, akasimama katikati anagombaniwa, meno yote nje. Akabaki kwa Bi Mwatima. Hakuna aliyemuuliza dini yake.

Bi Mize alikuwa kwenye kibao mlangoni, mdogo, mweusi wa kung'aa, kanga mpya ina harufu ya udi. Bi Kazija alikuwa nyuma yake, na alipotuona aliingia ndani haraka kuficha uso. "Mmechelewa," Bi Mize alisema, akafunua kawa. Tukala tena. Tulipokuwa tunakula alinitazama mimi, mkubwa wao, na swali likaja, maana haliachi kuja.

"We mwanangu, kwenu wapi?"

"Amani, bibi." Nikaacha kutafuna, nikangojea ile ya pili.

"Lo, mmetoka mbali," alisema. "Kula basi."

Hakuongeza neno. Akanisogezea mkia wa pweza, kipande kikubwa kuliko vyote. Nililia, nikasingizia pilipili, na Raiyya akanitajia mbele ya watu kwamba chakula hakina pilipili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bi Mize alisema, akajipapasa magoti. "Mimi nishapona mwaka huu."

Skuli ilipofunguliwa nilisimama ngazini tangu mapema, natafuna mtandio. Walikuja wengi, na kila kichwa kilichotokea uani nilidhani ni chake. Akaja wa mwisho, kengele imeshalia, kakimbia kutoka mlango wa nyuma wa Shangani, mkononi kafungia kitu kwenye jani la mgomba. Ilikuwa ni mkate wa kumimina wa bibi yake. Darasani waliendelea kumcheka wakati mwengine anapojisahau akasema ya kwao, na wakati mwengine alilia. Haikuwa dawa. Lakini kiti hakikukaa kitupu, na swali lake lile, kama mtu anaweza kubadilisha kwao, hakuliuliza tena. Tangu mwaka ule sikukosa Mwaka hata mmoja. Nilikwenda msichana, nikaenda mja mzito, nikaenda na wanangu, na Bi Mize kila mara alikuwa mlangoni, kawa mbele yake, ananigombeza kwa kuchelewa. Mwishoni alisahau majina ya wanawe, akawa ananiita "mgeni wangu" kwa kuwa hilo hakulisahau.

Kwa hiyo siku ya msiba niliingia kama mgeni anavyoingia. Raiyya yuko Maskati siku hizi, alilia nami kwenye simu. Neema alikuwa ameshafika, yuko uani kwa kina Bi Mwatima, anakuna nazi kama mwenyeji. Mimi nilipita mlangoni, nikashika mikono ya wafiwa mmoja mmoja, ya Bi Kazija ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, ya Riziki ambaye macho yalikuwa yamevimba, kisha nikarudi nyuma, nikakaa karibu na mlango, goti moja ndani ya mkeka, moja nje. Riziki akaniangalia toka ukutani. Akainuka, akaja, akashika pindo la kanga yangu kama Raiyya na Neema walivyolishika zamani, akanivuta mpaka ukutani, akanikalisha kati yake na shangazi yake.

Nilijaribu kuinuka. Wapo ndugu wa damu waliosimama nje hawana pa kukaa, nilimnong'oneza, watasema nini? Bi Kazija, ambaye nilidhani hasikii, akaweka kiganja juu ya paja langu, kikabaki pale, kizito. Na wakati huo huo mama mmoja nisiyemjua akaingia, mtu wa kijiji cha pili pengine, akaanza kupita ukutani akitoa mikono. Kwa Riziki. Akafika kwangu, akanitazama usoni, na nikajiandaa kumwambia mimi ni mtu wa wapi.

Akanishika mikono yote miwili. "Poleni," alisema. "Mmefiwa."

"Tushapoa," nikajibu, na ndipo machozi yaliponitoka.